Kilo za Mwalimu wa Kwaya

Mwalimu wetu wa kwaya pale Munisagara alikuwa na kawaida ya kufika mazoezini kabla ya mzee wa kanisa mwenye ufunguo. Ukifika saa tisa na nusu unamkuta amesimama mlangoni, mikono nyuma, anaangalia njia. Aliyechelewa hakumgombeza. Alimuuliza tu, "Umesalimika?" kana kwamba kilichomchelewesha lazima kiwe ajali, na wewe uliyekuwa unasukwa nywele kwa jirani unakosa pa kuficha uso.

Nilimjua kwa zaidi ya miaka ishirini. Kwanza nilikuwa binti wa sauti ya pili katika kwaya yake, baadaye nikawa mama ntilie karibu na soko la Kilosa, mwisho nikahamia Mikumi na kufungua kibanda changu cha chakula kando ya barabara kuu. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwita kwa jina. Alikuwa Mwalimu. Hata mkewe alimwita Mwalimu. Ila walipozungumza Kikaguru jikoni alimwita kwa neno jingine ambalo sisi wengine hatukuthubutu kulirudia.

Hakuwa mwalimu wa shule. Alilima mahindi na maharage bondeni, karibu na reli, kama baba zetu wote. Kuimba alifundishwa na wazee wa kanisa waliosoma misheni, nao walimwachia daftari la nyimbo lenye noti za do-re-mi zilizoandikwa kwa kalamu ya wino. Daftari hilo hakuna aliyeruhusiwa kulibeba. Mvua ikinyesha alilivalisha mfuko wa nailoni, yeye akalowa. Alituonya kila wiki kwamba majivuno yanaharibu kwaya, na kila wiki alikataa kumpa mtu mwingine nafasi ya kuongoza hata wimbo mmoja. Hatukumwambia. Nadhani alijua.

Alikuwa mtu mkubwa, na ukubwa wake ulikuwa sehemu ya kazi yake. Akiinua mikono, tulio mbele tulikuwa kivulini. Aliimba sauti ya nne, besi, na wanaume wa sauti hiyo walikuwa wanamwegemea kama watu wanavyoegemea ukuta: walijua wakipotea yeye yupo. Alituambia, "Msikilize mwenzako kwanza, ndipo ufungue mdomo." Alisema hivyo mara nyingi mpaka watoto wetu walikuwa wakituigizia nyumbani.

Na alikula. Mkewe alipika ugali wa mtu mmoja kwenye sufuria ambayo nyumba nyingine ingelisha familia. Kwenye harusi aliupokea wali kwa heshima, akaumaliza, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama chakula kinakuja saa ngapi. Kwake wali ulikuwa kitafunio. Tulicheka, naye alicheka, akijipapasa tumbo kama mtu anayemtuliza mtoto.

Kulikuwa na jambo moja juu yake ambalo sikulielewa kwa muda mrefu. Mwaka fulani ng'ombe wa wafugaji waliotoka kanda ya ziwa waliingia bondeni wakamlia mahindi karibu yote. Kwenye mkutano wa kijiji alisimama, mtu mpole yule, akasema hawa wenzetu warudi walikotoka. Watu walipiga makofi. Haikupita miezi mingi, mama mmoja wa wafugaji hao, tuliyemwita Mama Masanja, akaja kuomba kuingia kwaya. Sisi tuliinamisha vichwa tukisubiri afukuzwe. Mwalimu akamwambia aimbe. Alipomaliza, akampanga mstari wa mbele, sauti ya kwanza, mahali ambapo wengine tulikuwa tunapagombania. Mtu alipomuuliza, alijibu, "Ng'ombe wake ni suala la mkutano. Sauti yake ni suala la kanisa." Na kwenye mkutano uliofuata alisema yale yale juu ya ng'ombe, huku Mama Masanja amekaa anamsikiliza.

Ugonjwa ulianza kama unavyoanza kwa wengi: kiu, kutoka nje kila saa, macho kuona ukungu juu ya maandishi ya daftari. Alipimwa Kilosa wakamwambia ana sukari. Walimpa vidonge, wakamshauri apunguze vyakula vya wanga: ugali, wali, mihogo, viazi, na soda aiache kabisa. Wagonjwa wengine wakiambiwa hivyo hupunguza wiki mbili kisha wakarudi kwenye sufuria. Mwalimu hakupunguza. Aliacha.

Siku za kliniki alikuwa anapita kwangu sokoni. Baada ya shikamoo na marahaba alikaa pembeni akaagiza samaki na mboga za majani. Alisimama nyuma yangu nikipakua, anautazama mkono wangu, akiuliza kama mchuzi nimeutia unga uwe mzito. Wanga usiingie hata kijiko. Na kwa kuwa mahali fulani alikuwa amesikia kwamba mafuta nayo yanaleta ugonjwa, aliomba mboga zichemshwe tu. Samaki alikula nusu. Nilidhani ni nidhamu, nikamsifu.

Miezi ya mwanzo kila mtu alimsifu. Sukari ilishuka, macho yakatakata, tumbo likaondoka. Alikuwa na kilo tisini na nne alipoanza. Alipofika themanini alitembea kutoka shambani hadi kanisani bila kupumzika, akatuambia anajisikia kijana. Alinunua mashine ndogo ya kupimia sukari, na kwenye daftari la shule aliandika tarehe, namba ya sukari na kilo zake, kwa mwandiko uleule mzuri wa noti. Alipofika sabini tulisema imetosha. Alipofika sitini na tano hatukusema kitu mbele yake.

Kilo hazikujua pa kusimama. Mkanda alitoboa tundu, akatoboa la pili, kwa msumari alioupasha motoni. Koti lake la Jumapili lilimning'inia mabegani. Kwenye kuimba nilisikia kabla sijaona: mstari aliokuwa akiumaliza kwa pumzi moja aliukata katikati, akavuta hewa, akaendelea kana kwamba ndivyo ulivyoandikwa. Wanaume wa sauti ya nne walianza kupotea.

Maneno yakaanza. Kuna waliosema ni ule ugonjwa ambao watu hawautaji. Kuna waliosema ametupiwa kitu, na waliosema hivyo waliangalia upande wa kambi ya wafugaji. Mwalimu aliyekuwa akimtembelea kila mgonjwa wa kijiji, akikaa kitandani kwake na kumwimbia, sasa alifunga mlango wake. Mtu akija kumjulia hali alitoka nje akamwambia yeye si mgonjwa, sukari yake iko vizuri kuliko ya watu wengi. Na kwa mujibu wa mashine ilikuwa kweli. Kwa sababu hiyo aliacha kwenda kliniki. Msimu mzima wa kilimo hakuonekana Kilosa. Vidonge alinunua duka la dawa, vilevile, kwa kiasi kilekile.

Mkewe alikuja kwangu sokoni siku moja, akakaa bila kuagiza. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Aliniambia, "Mwanangu, nikimshika mkono nashika mifupa. Nyumba nzima ina mahindi na mtu anakufa njaa ndani yake." Akanieleza kwamba wiki iliyopita alikuwa amechanganya unga kidogo kwenye mboga kwa siri. Mwalimu alionja tonge la kwanza, akaweka mkono chini, akamtazama. Hakumgombeza. Siku mbili hakula chochote alichokipika, akala mchicha aliouchemsha mwenyewe nyuma ya nyumba. Nilimwambia yule mama tungezungumza naye Pasaka nikija nyumbani. Sasa naona ningefunga kibanda siku ileile.

Pasaka ilipokaribia nilikwenda Munisagara. Jumamosi mchana tulikuwa mazoezini, kanisa limejaa. Mwalimu alituongoza wimbo wa kwanza vizuri. Wa pili alitupa sauti ya kuanzia, tukaanza, akatusimamisha, akatupa tena, ikawa nyingine. Mara ya tatu ikawa nyingine zaidi. Akatugombeza, yeye asiyegombeza, tena kwa Kikaguru, na maneno yake hayakufuatana. Shati lake lilikuwa limelowa jasho ilhali wengine tulikuwa na baridi kwa mvua iliyokuwa imetoka kunyesha. Kisha akakaa sakafuni, taratibu, kama mtu aliyeambiwa akae. Mikono ilikuwa inatetemeka.

Wengine wakaanza kuomba. Mmoja akasema ni pepo, afunguliwe madirisha. Mimi nilikuwa nimeshaona hali hiyo. Wagonjwa wa sukari walikuwa wakila kwangu siku za kliniki, na mara mbili nilikuwa nimemwona mtu akifanya hivyo kwa kumeza dawa bila kula. Nikasema leteni sukari, haraka. Mama Masanja akakimbia nyumba ya jirani, akarudi na kikombe cha maji na sukari ngumi nzima. Nilipopiga magoti mkewe alinishika kiganja. Hakupiga kelele. Alisema, "Huyu ni mtu wa sukari. Utaniulia mume."

Nilisita. Ni lazima niseme ukweli huo. Nilikuwa mpika chakula, si nesi, na mke wake alikuwa amenishika mkono. Nikamtazama Mwalimu; macho yalikuwa wazi lakini hayakutuona. Mama Masanja akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, muachie." Yule mama akaniachia. Mwalimu alikuwa bado anaweza kumeza, nikamnywesha kidogo kidogo. Robo saa ilipita, ndefu kuliko ibada yoyote niliyowahi kukaa. Jasho likakauka. Akatuangalia mmoja mmoja, akauliza nani alisema tupumzike.

Tulimlisha, tukampeleka hospitali Kilosa jioni ileile. Daktari alikuwa dada mdogo, pengine mdogo kuliko mimi. Alimpima sukari mara kadhaa, akamlaza, na siku zilizofuata akampima kifua, damu na kila kitu kinachoweza kumkondesha mtu. Majibu yote yalirudi safi. Uzito ulikuwa kilo hamsini na tatu. Mkewe na mimi tulikuwepo daktari alipokaa naye. Alimweleza kwamba vile vidonge vilipangwa kwa mtu wa kilo tisini aliyekuwa anakula ugali. Mtu huyo hayupo tena, na dawa zilizobaki zinamshusha sukari mtu asiye na cha kushusha. Kimoja akakiondoa, kingine akakipunguza. Kisha akamuuliza, "Baba, nani alikuambia uache kula?"

"Sijaacha kula, daktari. Nimeacha wanga."

"Na mahali pa wanga umeweka nini?"

Mwalimu alifikiri. "Mchicha," alisema.

Daktari hakucheka. Alimwambia kuishi na wanga kidogo si kosa, na sukari yake imeupenda utaratibu huo. Kosa ni kuondoa chakula kikubwa kuliko vyote kwenye sahani na kuacha nafasi yake tupu. Mwili lazima upate nguvu mahali; usipopewa na sahani unajila wenyewe, na ndicho ulichokuwa unafanya mwaka mzima. Akamwandikia: mayai, samaki mzima si nusu, maharage, karanga, parachichi, maziwa, mboga zipikwe kwa mafuta. Ale mara nne au tano kwa siku hata kama hana njaa. Na ugali wa dona, kiasi cha ngumi yake, mchana. Apime sukari baada ya saa mbili aone mwenyewe. Kliniki asikose tena.

Mwalimu alikubali yote, isipokuwa ugali. Alisema hataweza. Daktari akauliza kwa nini. Hapo ndipo alipolisema jambo ambalo hata mimi, kwa miaka yote, sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Kaka yake mkubwa alikuwa na sukari. Hakuacha kitu, alikula kama zamani. Alikatwa mguu chini ya goti, na kidonda hakikupona. "Mimi ndiye niliyekuwa namfunga kile kidonda," alisema. "Asubuhi na jioni, mpaka siku ya mwisho. Nikiuona ugali naisikia ile harufu."

Mkewe aliinamisha kichwa. Daktari aliweka kalamu mezani. Akasema, "Pole sana, baba. Kaka yako alikufa kwa sukari kupanda. Wewe karibu ufe Jumamosi kwa sukari kushuka. Kwa mama huyu hapa, msiba ungekuwa uleule."

Mwalimu alimgeukia mkewe, akamwangalia kama mtu anayemwona baada ya safari.

Mambo hayakunyooka siku hiyohiyo. Mafuta alikuwa anayaogopa, karanga zilimchosha taya, mayai alisema yananuka. Aliyemsaidia zaidi alikuwa Mama Masanja. Siku ya tatu baada ya kurudi nyumbani alimletea kibuyu cha maziwa mgando na samli kwenye chupa. Mwalimu hakutaka kupokea. Alimwambia wazi kwamba hawezi kunywa maziwa ya ng'ombe aliosimama mkutanoni kutaka wafukuzwe. Mkewe ndiye aliyenisimulia Mama Masanja alivyojibu: "Mwalimu, hapa hatuko mkutanoni." Akaweka kibuyu chini akaondoka. Akarudi baada ya siku mbili, akakikuta kitupu, kimeoshwa.

Msije mkadhani Mwalimu aligeuka mtetezi wa wafugaji. Mkutano uliofuata alisimama tena juu ya mahindi yake. Ila safari hii alitaka ng'ombe wakatiwe njia yao ya kwenda mtoni, na wale waliokuwa wakisema ametupiwa kitu aliwaambia mbele ya watu wote kwamba alichotupiwa ni njaa, na aliyemtupia ni yeye mwenyewe.

Ugali ulichukua muda zaidi. Mkewe alinieleza kwamba aliupika kila mchana, kiasi cha ngumi, akauweka mezani, na kila mchana akauondoa kama ulivyo. Kwenye wiki ya pili Mwalimu alihamisha kiti akakaa akimpa mgongo. Mkewe alisikia bakuli la kunawia likisogezwa. Hakugeuka kutazama. Baada ya saa mbili alimsikia akijitoboa kidole, kisha kimya, kisha akiandika. Sukari ilikuwa imepanda kidogo, na ilipopimwa jioni ilikuwa imerudi chini. Usiku ule, mkewe anasema, alilala bila kujigeuzageuza.

Kliniki ya kwanza kilo zilikuwa hamsini na tatu. Hazikuongezeka, lakini hazikupungua, na mkewe alinipigia simu kunitangazia namba ileile kama mtu anayetangaza mtoto kuzaliwa. Ya pili, hamsini na nne. Zilipanda polepole mpaka hamsini na tisa, zikatulia hapo. Mtu mkubwa tuliyemjua hakurudi. Sauti ya nne haikurudi na uzito wake. Alifundisha kwa kuisema zaidi kuliko kuiimba, na kijana mmoja wa relini akashika nafasi yake katika safu. Jambo lililonishangaza ni kwamba alianza kutupa nyimbo tuongoze wenyewe. Yeye alikaa kwenye benchi la nyuma, kichwa kaegemeza upande, anasikiliza.

Sasa hayupo. Alikuja kuondoka kwa homa ya mapafu, uzeeni, nyumbani kwake. Lakini ninayemkumbuka zaidi si wa siku hizo. Ni wa asubuhi moja aliponitokea Mikumi, nilipokuwa nimeshahamia huku.

Alishuka kwenye basi la kutoka Kilosa peke yake. Alivaa suti iliyopunguzwa na fundi, ya kimo chake kipya. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za watoto mmoja baada ya mwingine kwa majina. Nilimwekea samaki, maharage na parachichi, na ugali kidogo pembeni. Alikula vyote, bila haraka, bila kusimama nyuma yangu. Kisha akaniomba nimpeleke kwa mpiga picha.

Nilimwambia Kilosa wapo wengi, kwa nini aje mpaka huku. Alisema Kilosa wanamjua, wangemuuliza picha ni ya nini, naye hakutaka kudanganya. Mimi nikamuuliza.

"Nyumbani pale ukutani kuna picha moja tu," alisema. "Ya mwaka ule tulioshinda mashindano ya kwaya. Siku nikifa wataichukua ile, waikuze, waiweke juu ya jeneza. Watoto walioingia kwaya juzi hawamjui mtu yule. Watasimama wanamwimbia mgeni."

Nilivua aproni, nikamwachia mwenzangu kibanda, tukatembea.

Mpiga picha alikuwa kijana mchangamfu. Alimkalisha kwenye kiti, akamnyoosha kola, akamwomba atabasamu. Mwalimu alisema atakaa tu. Picha ilipotokea kwenye kompyuta yule kijana aliitazama, akamtazama Mwalimu, akasema kwa nia njema, "Mzee, naweza kukujaza mashavu kidogo. Ni dakika moja tu."

Mwalimu alisogea karibu na kioo. Alijiangalia kwa muda, kwa macho yaleyale aliyokuwa akitutazamia tukiimba wimbo mpya kwa mara ya kwanza hadi mwisho.

"Acha," alisema. "Haya ndiyo yaliyobaki, na yametulia."

Alichapisha nakala mbili, akanipa moja. Ninayo mpaka leo. Ni mzee mwembamba aliyekaa wima, kola imemkaa sawasawa shingoni, mikono juu ya magoti, anatazama mbele bila kumwomba mtu radhi.